Tupeni Uwanja Kabla ya Vuli: Barua ya Wazi kwa Mameya na Wakurugenzi wa Dar es Salaam

Waheshimiwa Mameya,
Ndugu Wakurugenzi wa Halmashauri za Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni,

YAH: MAOMBI YA VIWANJA NA KIBALI KIMOJA KWA SANAA ZA MITAANI, SEPTEMBA NA OKTOBA



Nawaandikia nikiwa mkazi wa Tandika na mwandishi wa habari za sanaa. Ombi nalitaja mapema, maana najua mezani kwenu kuna mafaili mengi. Naomba kila kata ya mkoa huu itengewe uwanja mmoja wa wazi kwa ajili ya ngoma, muziki, maigizo na maonyesho ya wakazi wake, kila mwaka, Septemba na Oktoba. Naomba pia kikundi cha kata hiyo kiupate uwanja kwa fomu moja, kwenye dirisha moja, na kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. Aliye na haraka anaweza kuishia hapa na kugonga muhuri. Wengine tuendelee.

Miezi hii miwili sikuichagua kwa kupenda kwangu. Septemba mnaijua: masika yameshasahaulika, upepo wa kusi bado unavuma, joto la Desemba halijabisha hodi, na jioni mtu anakaa barazani bila kutafuta feni wala mwavuli. Ardhi ni kavu. Vuli kwa kawaida huanza Oktoba ikielekea Novemba, na ikishaanza viwanja vyetu vya mtaani vinageuka madimbwi. Mafuriko ya Jangwani sina haja ya kuwasimulia. Watu wa pwani waliijua nafasi hii zamani, wakaipangia harusi zao, ngoma zao na kuwatoa wanawali wao baada ya mavuno. Hata Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa kufunguliwa pale, kwa miaka mingi lilifanyika mwishoni mwa Septemba. Waliolipanga hawakuwa wajinga. Mwenye nauli na siku ya mapumziko huenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka mjini, akafurahi, akarudi. Barua hii ni ya wanaobaki.

Na wanaobaki ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wao wanalala sehemu kama Mbagala, Buza, Gongo la Mboto, Chanika, Kimara, Tandale, Manzese, Vingunguti. Sasa hebu chukueni ramani mtafute sanaa iko wapi. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni iko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji. Nafasi Art Space, iliyoanza 2008 na kuwalea wachoraji na wachongaji wengi, iko Mikocheni. Ushirika wa Tingatinga uko Oyster Bay. Vinyago viko Mwenge, Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama. Vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani viko Upanga. Vyote hivyo vinaanzia mjini na kufuata upande mmoja wa jiji, ule wa kwenda Bagamoyo, na sina ugomvi na hata kimoja. Natamani vingekuwa vitano zaidi ya vilivyopo. Lakini kijana wa Mbagala Rangi Tatu anayetaka kuona onyesho la Mikocheni linaloisha saa nne usiku, swali lake la kwanza halihusu onyesho. Anauliza atarudije nyumbani, na kwa shilingi ngapi.

Mtaniambia sanaa haihitaji jengo la fahari. Hapo tunakubaliana kabisa, na shahidi wangu ni Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora mwaka 1968, hakuwa na ukumbi wala mfadhili. Alikuwa na vibao vya mraba vya masonaiti, rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, na mahali ambapo wapita njia walipita, pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Miaka minne baadaye alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Katika miaka hiyo michache alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, na mtindo wenye jina lake unalisha familia za wachoraji mpaka leo na kuuza jina la Tanzania kwenye maduka ya ughaibuni. Alichohitaji kilikuwa nafasi ya kukaa mbele za watu asifukuzwe. Vikundi ninavyowaombea vinahitaji hiyo hiyo, ila vyenyewe vinapiga kelele zaidi kuliko brashi, nami nitafika kwenye kelele.

Msidhani naleta jambo geni kwenye serikali za mitaa. Mji huu umejengwa kwa ngoma kama ulivyojengwa kwa matofali. Enzi za Wajerumani na Waingereza vikundi vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana barabarani kwa sare, vyeo na tarumbeta, na kila mtaa ulijua uko upande gani. Miaka ya 1930 vikaja vilabu vya taarab, Al-Watan na Egyptian, navyo vikagawa mji kwa ushabiki wa kistaarabu wenye vijembe vikali. Na mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka wanachama wanawake, Bibi Titi Mohamed hakwenda kubandika matangazo ukutani. Alikuwa muimbishaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, kwa hiyo alijua wanawake wa Dar es Salaam wanakutana wapi, nani anawaongoza na nani akisema wanamsikiliza. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, kimoja baada ya kingine, na wanawake wakachukua kadi za chama. Ofisi mnazokalia leo, kwa sehemu fulani, zililetwa na vikundi vilivyokuwa vikicheza uwanjani bila kuulizwa risiti.

Tena nyinyi wenyewe, waheshimiwa, mliwahi kuwa na bendi. Vijana wa siku hizi hawaamini ukiwaambia. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mali ya jiji, lilikuwa na kumbi zake Kariakoo, Magomeni Kondoa na Mlimani Park. Bendi iliyozaliwa Mlimani Park mwaka 1978 ikaja kuwa mali ya shirika hilo, ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra, na Watanzania wakaiita Sikinde. Mkongwe Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule, Michael Enoch na wenzao walikuwa wanamuziki wa chombo cha jiji. Upande wa pili kulikuwa na Msondo, bendi ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, iliyobadili jina kila chama kilipobadili jina: NUTA, JUWATA, OTTU. Sikinde na Msondo walikuwa watani wa jadi kama Simba na Yanga, na mtu alipanga wikiendi yake kwa kujua nani anapiga wapi. Fikirini: shirika la jiji lilipata mapato kwenye tiketi za dansi! Siwaombi mkanunue magitaa upya, wala sidai zama zile zilikuwa za dhahabu. Wanamuziki wale walilalamikia mshahara kama mtumishi mwingine yeyote. Nasema tu kwamba halmashauri inayojiona haihusiki na muziki imesahau historia yake yenyewe.

Njooni sasa mtaani, Jumamosi yoyote ya Septemba. Ngoma za mdundiko zimepangwa kwenye mchanga nyuma ya nyumba yenye shughuli. Mzee mmoja amewasha moto wa maboksi na vifuu vya nazi, anaigeuza ngoma ngozi iangalie moto, anaigonga kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anakunja uso, anairudisha tena motoni. Kijana wake anataka waanze. Mzee hamjibu. Ngozi ikishakaza na sauti ikakubali, ndipo anainuka, na ndani ya dakika chache mtaa mzima uko nyuma yao: akina mama na khanga zimefungwa kiunoni, wauza mihogo wakiwa na beseni kichwani, watoto ambao mama zao watawatafuta baadaye mtaa wa tatu. Kizazi changu kizima kiliwahi kuchapwa kwa kufuata mdundiko.

Mtaa wa pili ni singeli. Meza ya plastiki, kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, spika zimepandishwa moja juu ya nyingine, waya umevutwa kutoka kwenye duka la jirani aliyelipwa kidogo. Turubai limefungwa kukatiza barabara. Mapigo yanakimbia zaidi ya 200 kwa dakika na MC anaghani juu yake kana kwamba mapafu yake hayana mwisho. Muziki huu umezaliwa hapa hapa, kwenye mnanda na mchiriku wa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studios ya Mburahati, na tangu hapo wasanii wa singeli wamepanda majukwaa ya Ulaya mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Mgeni wa Berlin analipa kiingilio kumsikiliza kijana wetu. Hapa nyumbani kijana huyo huyo anakunja turubai mbio mbio kwa sababu gari la polisi limeonekana kona.

Na nani anakula usiku huo? Mama wa chipsi anamaliza ndoo. Muuza kahawa na kashata anajaza birika tena. Mwenye mishkaki, mwenye soda, bodaboda watano walioegesha pembeni, mwenye viti vya kukodisha, mwenye jenereta kwa usiku ambao TANESCO hawako upande wetu, fundi cherehani aliyeshona sare za kikundi kwa mkopo. Pesa yote hiyo inazunguka ndani ya kata moja. Mkitaka kujua kwa nini wafanyabiashara wadogo wanapenda ngoma kuliko semina za ujasiriamali, jibu ni hilo.

Nije kwenye kibali, maana ndipo ngoma inapopasukia.

Kikundi cha majirani zangu, kina mama peke yao isipokuwa wapiga ngoma, kilitaka kufanya onyesho la jioni moja kwenye uwanja wa wazi wa kata yetu. Si harusi, si kigodoro cha kukesha: onyesho la ngoma na igizo fupi, bila kiingilio. Nilifuatana nao kwa sababu wanasema naandika barua nzuri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitupokea vizuri, akasaini, akatutuma kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akataka barua ya afisa utamaduni. Kwenye ofisi ya utamaduni, ambayo sitaitaja, tukaambiwa haiwezekani kuandika mpaka polisi waridhie. Polisi wakasema hawawezi kuridhia jambo ambalo halmashauri haijaliandika. Mtu mwingine akatuuliza kama kikundi kimesajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, mwingine akauliza kama uwanja umelipiwa, na hakuna aliyejua unalipiwa wapi. Wote walikuwa wapole. Hakuna aliyetukatalia hata mmoja, na hilo ndilo lililotumaliza, maana ukikataliwa unaweza kukata rufaa, lakini "njooni wiki ijayo" huwezi kuikatia rufaa popote. Wiki ijayo ikawa Novemba. Mvua ikanyesha.

Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa, Namba 23 ya mwaka 1984, ipo, na sina nia ya kuipinga. Tamasha kubwa lenye kiingilio, wasanii wa kulipwa na maelfu ya watu lazima lisajiliwe na lisimamiwe. Lakini akina mama kumi na wawili wenye ngoma nne wakipitishwa kwenye njia ile ile ya promota wa tamasha kubwa, matokeo yake tunayaona: promota ana mtu wa kumfuatilia mafaili, akina mama hawana. Basi wanaacha kuomba. Wanafunga turubai barabarani usiku, wanamtegemea mjumbe wawe salama, na wakikamatwa wanatoa kidogo cha kutoa. Halmashauri haipati senti, afisa utamaduni hana rekodi ya kikundi hata kimoja, na sanaa inazoea kuishi kama magendo.

Kelele. Najua hoja hii inawaka moto huko kwenu, na wanaolalamika wana haki. Kuna mgonjwa ndani, kuna mtoto mchanga, kuna mlinzi anayelala mchana na muuguzi anayelala usiku, kuna watu wanaotaka tu kulala. Vigodoro vya kukesha mpaka alfajiri, na mambo yaliyokuwa yakifanyika humo mbele ya watoto, viliwachosha watu, na pale mamlaka zilipovipiga marufuku wengi wetu tulipumua. Mimi pia. Lakini angalieni kilichofuata: marufuku iliondoa turubai kwenye mtaa mmoja, likaenda kufungwa mtaa wa pili, kwa sababu kijana hakuonyeshwa pa kwenda. Spika ikiwa uwanjani, ikaelekezwa barabara kuu badala ya madirisha ya watu, ikazimwa saa nne usiku, inavumilika. Spika hiyo hiyo ikiwa kwenye uchochoro wa hatua tatu, kati ya kuta za matofali, hata saa kumi jioni ni adhabu. Na mwezi Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Wiki hiyo iwe kimya kabisa, kwa kila kata, na iandikwe kwenye fomu. Hakuna kikundi nikijuacho kitakachobisha, maana wanaofanya mtihani ni watoto wao.

Mtaniuliza viwanja viko wapi. Swali zuri, na nyinyi ndio wenye ramani. Wakoloni waliiacha Mnazi Mmoja wazi kwa nia yao mbaya, wapate kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi. Wananchi wakaigeuza uwanja wa mikutano na sherehe, na mpaka leo tunapumua pale. Sisi tuliojitawala tumefanya kinyume chake. Kwenye michoro ya mipango miji kata nyingi zina eneo la wazi. Ukifika kwa miguu unakuta gereji, fremu za maduka, sehemu ya kuoshea magari, baa yenye ukuta. Maeneo ya wazi yanavamiwa kwa sababu yanaonekana hayana kazi. Uwanja wenye ngoma kila Jumamosi kwa miezi miwili, wenye ubao wa ratiba na kamati ya mtaa inayoufagia, una wenyewe, na mvamizi atafikiri mara mbili kabla ya kumwaga kifusi usiku. Hii ni njia rahisi ya kulinda ardhi ya umma kuliko kesi za mahakamani, nanyi mnajua kesi hizo huchukua miaka mingapi.

Tena si kweli kwamba viwanja, umeme na vibali havipatikani. Uchaguzi mkuu wa 2015 ulifanyika Oktoba 25, na ule wa 2020 Oktoba 28. Maana yake sehemu kubwa ya kampeni ilifanyika katika miezi ninayoiombea. Nani hakuona? Biafra, Mwembe Yanga, Zakhem, Tanganyika Packers: majukwaa yalisimama, spika zilifika, barabara zilifungwa na kufunguliwa, wasanii walilipwa, ngoma za asili zilikuwepo, askari walisimama wakaangalia na watu wakarudi makwao. Kama uwezo huo upo kila baada ya miaka mitano kwa ajili ya kuomba kura, sioni kwa nini theluthi yake isiwepo kila mwaka kwa ajili ya waliopiga kura hizo.

Nitasema na jambo moja ambalo vikundi vinaniambia pembeni lakini haviwezi kuwaambia usoni. Halmashauri zetu zinavijua vikundi vya ngoma pale tu anapokuja mgeni rasmi. Simu inapigwa jana yake. Kikundi kinafika saa mbili asubuhi kama kilivyoagizwa, mgeni anafika saa sita na nusu, wanacheza dakika tano kwenye jua, kamera zinapiga picha, mgeni anacheza hatua mbili, wote wanapiga makofi. Kisha soda moja moja, nauli ikibahatika, na "tutawasiliana". Wachezaji hao wamefunga biashara zao siku nzima. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, na kikundi kilichoitwa na ofisi ya umma kinastahili malipo yaliyoandikwa kwenye karatasi, kama anavyolipwa mwenye mahema na mwenye chakula. Ingekuwa vyema pia mgeni rasmi aje Jumamosi moja bila ratiba, akae kwenye kiti cha plastiki, anunue mihogo yake, aone kikundi kinavyocheza kikiwa hakimchezei yeye.

Kuhusu gharama: sehemu kubwa ya ninachoomba haina gharama. Fomu ni karatasi. Dirisha ni mtendaji wa kata, ambaye yupo na ana muhuri. Awe na mamlaka ya kutoa kibali kwa shughuli isiyo na kiingilio, inayofungwa saa nne usiku, kwenye uwanja uliotengwa, na nakala ya barua yake iende polisi na kwa afisa utamaduni siku hiyo hiyo, badala ya mwombaji kuzunguka nayo. Taa mbili za nguvu kwenye nguzo, choo na bomba la maji vinahitaji fedha, lakini ni fedha ya mara moja, na timu za mpira za mtaa zitavitumia mwaka mzima. Meza za biashara za usiku huo zikitozwa ushuru mdogo, halmashauri ichukue nusu na kikundi kichukue nusu. Mtashangaa jinsi vikundi vitakavyowasaidia kukusanya.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inazitaka halmashauri zikopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Nimeona mikopo hiyo ikienda kwenye bodaboda, kuku, sabuni, mashine za kukoboa, hata mahema na viti vya kukodisha kwenye shughuli. Yote sawa. Ila mwenye hema anakopesheka na mwenye ngoma chini ya hema hilo hakopesheki, kwa sababu kwenye fomu nilizoona mimi hakuna mahali pa kuandika sanaa kama kazi. Ongezeni mstari huo. Kikundi chenye ratiba ya viwanja kwa miezi miwili, na barua za kuthibitisha, kina mapato ya kuonyesha na kinaweza kurejesha deni la spika zake.

Najua mamlaka zenu zinatofautiana. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa Jiji, hakuna chombo kimoja cha madiwani kinachosimamia mkoa mzima, na ngoma haijui mpaka wa Temeke na Ilala uko wapi. Ndiyo maana nimewaandikia wote watano. Sitarajii muanze siku moja. Halmashauri moja ianze, na kata tatu tu: moja ya katikati, moja ya pembezoni kama Chanika au Kibada, moja ya uswahilini yenye vikundi vingi kuliko viwanja. Nne zilizobaki zitaangalia, na nawahakikishia madiwani wao watauliza maswali.

Waheshimiwa, vuli ya mwaka huu haitatusubiri, na kwa msimu huu pengine tumechelewa. Lakini maandalizi ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha hayajafungwa. Naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, maafisa utamaduni waagizwe kuandikisha vikundi vya kila kata na kuorodhesha maeneo ya wazi yaliyobaki, na majibu yenu, ya kukubali au ya kukataa, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ili kila kikundi kiyasome. Akina mama wa mtaa wetu bado wanayo ile barua yenye sahihi ya mwenyekiti. Inahitaji kubadilishwa tarehe tu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Tandika, Temeke